Mandazi Yajuzzi

Mwanangu Zuhura,

Barua za kwetu Tanga, hata zikiandikwa huku Joburg, huanza kwa kuulizana hali, ndipo mtu aseme shida yake. Hali yako naijua. Umekaa kwenye kiti cha saluni ya Maman Furaha, yule msusi Mkongo, hapo Yeoville tangu asubuhi, kichwa kinakuuma, na rasta bado hazijafika hata katikati. Nimempigia simu, akaniambia nisikutegemee kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina muda, na chumba kiko kimya, maana mama yako yuko huko nyuma kwenye jiko la pamoja, anakukaangia vitu ambavyo watu wa uwanja wa ndege watavitupa.

Habari za sweta, za kutompa mtu begi lako akushikie, za kumwamkia shangazi yako Mwanahamisi kila asubuhi hata kama umelala vibaya, hizo zote mama yako ameshazisema, na kesho njiani atazisema tena. Mimi siongezi neno. Mimi nataka kusema juu ya ule wimbo unaotaka kuuacha.

Unajua ni upi. Kesho unakwenda Dar na nyimbo zako, yule mtayarishaji wa muziki atazisikiliza, na alikwisha kukwambia atarekodi zile tu utakazomletea mkononi. Mmoja umeutoa, na nani aliyekufanya uutoe tunamjua wote. Ninaandika badala ya kukuita tukae kwa sababu unanijua. Tukikaa, utasema maneno mawili, na la tatu nitalirekebisha. Kwenye karatasi siwezi kukukatiza.

Nianze na siku ile uliyokuja kibandani. Nilikuwa nimefungua simu ya mlinzi mmoja aliyesimama kando, vioo na skrubu vimetapakaa juu ya meza, na yule jirani yangu Mkenya muuza soksi amekaa kwenye ndoo yake anasoma gazeti la mwenzake. Ukatokea upande wa stesheni, unakimbia, jasho linakutoka, ukanisukumia simu yako chini ya pua.

“Baba, angalia majina ya nyimbo. Ndiyo zinaenda Dar.”

Ulisema kwa Kiswahili. Siku ile sikuliona hilo, nimeliona baadaye. Wewe, ambaye tangu utoto tunakusemesha Kiswahili unatujibu Kiingereza, na ukikasirika Kizulu, ulikuja ukanisemesha Kiswahili barabarani, Joubert Park, mchana kweupe, bila kuombwa na mtu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha simu. CJALALA BADO. Nikoh Kwa Roboti. Usiniulze Jina. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa zote, MANDAZI YAJUZZI.

Nikaanza kurekebisha. Sikukuuliza. Kidole kilikwenda chenyewe, nafuta hapa, naongeza pale. “Maandazi yana a mbili,” nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. “Juzi ina zeti moja. Tena hayo ni maneno mawili, hayabebani mgongoni. Na wimbo gani huu wa vitafunio? Umesoma shule gani wewe?”

Mlinzi akacheka. Muuza soksi akashusha gazeti akasema, “Alhamdulillahi, leo si sisi Wakenya.” Na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Wewe ulisubiri mpaka nimalize. Ukachukua simu yako, ukasema, “Sharp, Baba,” ile sawa ya vijana wa huku, ukaondoka. Hukukimbia tena, ulitembea.

Tangu siku ile umenijibu Kiingereza tupu. Kwa heshima, sikulaumu: good morning Baba, thank you Baba. Na mwanzoni mwa wiki hii mama yako, huku anakunja nguo zako, akaniambia, “Ule wa maandazi ameutoa. Ameweka mwingine, wa Kiingereza.” Nikamwambia, afadhali, wimbo huo ungemwaibisha kwa watu. Mama yako aliniangalia vibaya sana, akaendelea kukunja. Yeye alikuwa amekwisha kuusikia. Mimi nilikuwa sijausikiliza, Zuhura. Nilikuwa sijasikiliza hata mmoja kati ya zile nyimbo ambazo majina yake niliyatengeneza.

Hilo ni kosa la kazi, na nataka ujue lilivyoota. Hukumbuki vizuri kibanda kilivyokuwa kabla sijaanza kutengeneza simu. Zamani kidogo, intaneti ilipokuwa ya watu wenye ofisi, mimi nilikuwa mjaza nyimbo. Nilikuwa na kompyuta moja nzee na feni ya mezani ya kuipoza. Wasusi, walinzi, madereva, wenye spaza, vile viduka vya mtaani, kutoka Soweto, walikuja na memori kadi zao na flashi, wakaniambia wanataka za Bongo, za Kongo, za injili, za harusi, nami nikajaza. Nilizijua nyimbo maelfu, lakini nilizijua kama mtu wa stoo anavyojua magunia, kwa maandishi ya nje. Kusikiliza kulitaka muda, na foleni ilikuwa ndefu.

Na hayo maandishi ya nje, mwanangu, yalikuwa yananitia wazimu. Zilikuja nyimbo zina tarakimu mahali pa maneno: Shemeji 4giv Me. Zilikuja na x mahali pa s, mtindo wa vijana wa nyumbani wakati ule: Xitaki Tena Xhida. Nyingine irabu zote zimeliwa, unaona konsonanti zimesimama peke yake zinatetemeka. Nyingine zina irabu nyingi mno, Njooooo na o zinaendelea mpaka kioo cha simu kinazikata, hujui huyo mtu alifika au la. Mimi, mwana wa mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa nakaa asubuhi kabla ya wateja na kuzivalisha nguo moja baada ya nyingine. Nilidhani ninawasaidia.

Nimefikiri sana kwa nini watu huandika majina ya nyimbo hivyo. Wengine walilelewa na ujumbe wa simu, ule wa zamani uliokuwa na kikomo, ukizidisha herufi unatozwa wa pili, basi wakazoea kula irabu na mazoea yakabaki hata herufi zilipokuwa bure. Kuna kijana wa Burundi aliyekuwa akija na nyimbo zake mwenyewe, akaniambia, “Mzee, za mapenzi ziko nyingi na zote zina jina moja. Ukiandika vizuri unapotea ndani yao. Mimi naweka q ili mtu akinitafuta anipate mimi.” Hilo lilinishinda kubisha. Wengine wanataka jina litoke kama linavyotamkwa mtaani kwao, maana kamusi hawakuwahi kuimiliki. Na wengine hawajui kuandika, tusidanganyane.

Lakini aliyenifunza alikuwa mama mmoja wa kwaya, Mkongo wa Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha jengo. Alikuwa ameimba wimbo wake unaitwa YESU UNIVUSHE KU ROBOTI. Nikautengeneza. Nikauita Yesu Nivushe kwenye Taa za Barabarani, nikajisifu moyoni. Baada ya siku chache akanijia na waumini wenzake nyuma yake.

“Papa, wimbo yangu iko wapi? Bantu banaitafuta, habaioni.”

“Ipo, Mama. Nimelitengeneza jina tu.”

“Nani alikutuma?”

Nikarudi kwenye kompyuta. Alisimama juu ya kichwa changu akiniangalia nikilirudisha, herufi kwa herufi, na nilipofika kwenye “ku” nikasita kidogo, akanigusa bega, “Andika.” Nikaandika. Alipoondoka nilikuwa na hasira naye mchana kutwa, na jioni hasira ikahamia kwangu. Yule mama kila siku alivuka barabara ile kwenda kufagia ofisi za watu, anaogopa magari ya Joburg kufa, na roboti ndilo neno aliloombea. Mungu wake alimwelewa bila msaada wangu.

Tangu hapo nilibadili mwendo. Kila wimbo niliuacha na jina lake ulivyokuja nalo. Tena nikaanza desturi nyingine, kwamba mteja akija hajui jina, akasema “ile ambayo mwanamke anacheka mwanzoni” au “ile ya mzee aliyeachwa,” nilimtafutia, na pembeni nikaandika alivyoiita yeye. Orodha yangu ikawa na majina mawili mawili, la mwenye wimbo na la wenye kuupenda. Wateja walinisifu kwa hilo. Walisema kwa Mtanga hupotezi wimbo. Basi jiulize ni kitu gani kilichonirudisha kwenye kalamu siku ulipokuja wewe. Nimejiuliza mimi pia, na jibu nitalifikia, ila kwanza nikupeleke saluni.

Jumanne Maman Furaha alinipigia kwamba spika yake inakoroma. Nilikwenda, nikaifungua, waya ulikuwa umeachia, nikauchomelea, nikamwambia ajaribu. Akabonyeza simu yake bila hata kuangalia, kama mtu aliyezoea kubonyeza hapo hapo.

Kwanza nikasikia mlango unagongwa. Taratibu, kwa vidole vya mtu asiyetaka majirani wasikie. Halafu sauti ya mtoto: “Umeleta nini?” Halafu sauti ya mwanamume, nzito, imechoka, ina kikohozi changu ndani yake. Ilikuwa ni wewe, umejirekodi mwenyewe kwa simu. Umeishusha sauti yako mpaka chini kabisa, ukaweka na lafudhi ya Tanga ambayo nilidhani hukuwahi kuishika, ukajibu: “Mandazi ya juzi.” Na saluni nzima, wanaosuka na wanaosukwa, wakaitikia kwa pamoja, mandazi ya juzi, wakicheka, vichwa vinayumba na vitana vimening’inia. Kulikuwa na dada mmoja Mzulu kwenye kiti cha mwisho, anaimba kuliko wote. Alipoguna kuuliza mandazi ndiyo nini, Furaha akamjibu kwa jina la Kizulu, “Amagwinya, sisi,” yaani dada, akaendelea kuimba.

Mimi nilikuwa nimechutama na bisibisi mkononi, nikakaa sakafuni.

“Papa Zu,” akasema Furaha, “haujue hii wimbo? Njo ya mutoto wako. Tunaipigaka hapa kila siku.”

“Inaitwaje?” nikamuuliza, mimi niliyelifuta jina lake.

“Jina sijue. Siye tunasemaka tu, Papa wa ku Mulango.”

Zuhura, nilikuwa nimesahau. Naapa. Niliposoma jina lile kwenye simu yako niliona chakula, sikuona kitu kingine. Zile siku nilizisukuma nyuma ya kabati kwa nguvu kiasi kwamba nilisahau kama nilikuwa na kabati. Ulikuwa darasa la pili. Tulikaa kwenye lile jengo refu la Joubert Park, ghorofa za juu, lifti mbovu. Maduka ya wageni yalikuwa yanavunjwa, na watu walikuwa wanasimamishwa mitaani kuulizwa maneno ya Kizulu, na ukikosea unapigwa. Mama yako alikuwa na karai lake la maandazi aliyouza pale getini, lakini wiki ile hakuna aliyethubutu kushuka kununua. Tukawa tunakula sisi, asubuhi na jioni, mpaka yakawa magumu kama kokoto na wewe unayagonga mezani kupiga ngoma.

Nikawaambia msimfungulie mtu yeyote. Hata mtu akisema ni mimi, msifungue, maana kila mtu anaweza kusema ni mimi. Tukatafuta neno la kusema mlangoni ambalo mtu wa nje hawezi kulibuni, na wewe ndiye uliyelichagua, huku una andazi mdomoni, unacheka. Mimi nikigonga, wewe uulize nimeleta nini. Nami nijibu maandazi ya juzi. Ukishafungua ulikuwa unanikagua mikono kuhakikisha kwamba sikuleta kweli.

Lakini nilikuwekea na amri nyingine, na hiyo nadhani unaikumbuka kuliko maandazi. Kwenye teksi, kwenye foleni, kwenye ngazi, hakuna Kiswahili. Ukiniona mjini niite Dad. Uliniuliza, “Na nyumbani?” Nikakwambia nyumbani sawa, ila kwa sauti ndogo. Mtoto wa darasa la pili unamwambia lugha ya mama yake aiseme kwa sauti ndogo. Nilikuwa naogopa, na ningekuwa pale tena na hofu ile ile ningesema vile vile, kwa hiyo sikuombi radhi kwa amri. Ila fujo ziliisha, tukahamia huku Bellevue, na mimi sikukumbuka kuitangua. Wewe ukaendelea kuitii. Nikakuandikisha shule ya Kiingereza, nikakununulia vitabu vya Kiingereza, Kiswahili ukakiokota mlangoni na jikoni kwa masikio. Halafu siku unayokiandika kwa mara ya kwanza maishani mwako, kama masikio yako yalivyokihifadhi, nakuuliza mbele ya watu umesoma shule gani. Shule niliichagua mimi.

Na ubeti wa mwisho. Nilidhani nimeshamaliza kuaibika nikiwa pale sakafuni, kumbe bado. Mlango haugongwi. Mtoto anauliza umeleta nini, anauliza tena, sauti inazidi kuwa ndogo, hakuna anayejibu, na wimbo unakwisha hapo hapo. Furaha alikuwa ameshika nywele za mtu hewani tu, hasuki.

Najua ni usiku gani. Ni ule nilioshindwa kuvuka mitaa, nikalala stesheni pamoja na watu wengine, simu imezimika. Asubuhi nilipofika mama yako aliniambia, “Mtoto kalala, hana habari.” Tuliamini hivyo miaka yote hii. Hatukujua kwamba ulikuwa umekaa nyuma ya mlango ule unauliza.

Sasa unaona kitu kilichoniondolea usingizi tangu Jumanne. Ulinijia kibandani na wimbo huo mkononi. Ulikuwa unaniuliza tena lile swali, safari hii mkubwa, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. Na mimi nikakujibu kwamba juzi ina zeti moja.

Nilikuahidi kukwambia kwa nini. Nilipofika Joburg sikuwa na Kiingereza cha kutosha hata kununua sabuni. Msimamizi wangu wa kwanza, kwenye ghala la matairi, alikuwa akiniiga nikiongea, na wenzangu wanacheka, mpaka nikajifunza kutikisa kichwa badala ya kusema. Miaka mingi nimekuwa mtu wa kutikisa kichwa katika mji huu. Kitu kimoja tu nilikijua kuliko mtu yeyote niliyesimama naye, nacho ni Kiswahili. Mkongo akisema namrekebisha, Mkenya akisema namrekebisha, wanacheka na mimi nakua kidogo. Ilikuwa ni utani, na wao wanajua ni utani. Lakini kwako haikuwa utani. Kwako nilikuwa yule msimamizi wa ghala, tena kwa sauti yake ile ile.

Naandika haya kwa sababu unakwenda mahali ambapo wapo wengi wa aina yangu. Dar watakucheka. Utasema “nimeikuja” na kijana wa chai atarudia neno lako kwa watu watatu. Shangazi yako Mwanahamisi anakupenda, na mapenzi yake yanakuja kwa njia ya kurekebisha. Ni dada yangu, tumelelewa na mwalimu mmoja. Msikilize, mara nyingi atakuwa na haki. Nilikuwa nimeandika hapa mstari mrefu kuhusu umuhimu wa kujifunza sarufi kwanza, nikaukata. Umeona alama ya wino, basi ndipo ulipokuwa. Utajifunza kwa sababu utataka, au hutajifunza na utaimba vivyo hivyo. Nisichotaka ni uanze kutikisa kichwa. Kama ukiona umeanza, panda basi uende Tanga, kaa na watoto wa binamu zako, wale wanacheka kila kitu bila ubaya, mdomo utafunguka.

Na kuhusu wimbo. Siombi uubadilishe hata kidogo. Usinitilie mwisho mzuri kwa sababu baba yako kalia saluni (nililia, Furaha atakuwa amekwisha kukusimulia, huyo hana siri). Mwisho ule ni wako, uliulipia mwenyewe ukiwa mtoto. Ninachoomba ni uende nao studio. Usimwachie mtayarishaji wa Dar nyimbo za mtu mwingine akidhani ndiyo wewe. Nao uende na jina lake, kwa herufi ulizoziweka. Kwa nini ziko zeti mbili sijui, na sitauliza. Bado nasema juzi ina zeti moja, nitakufa nasema hivyo, lakini wimbo si wangu na hakuna aliyenituma.

Furaha alinitumia Jumanne ile ile. Nimeuweka kibandani, kwenye ile kompyuta nzee ambayo mama yako anataka niitupe. Nimeandika MANDAZI YAJUZZI, hivyo hivyo, na pembeni, kwa desturi ya zamani, nikaandika wanavyouita wenye kuupenda. Jana yule mlinzi aliyecheka alikuja kuchukua simu yake, nikamjazia bila kumwuliza. Leo asubuhi muuza soksi alikuwa anauimba huku anapanga bidhaa, na ile “ya juzi” anaitamka Kikenya kabisa, na mimi nikanyamaza. Ilinichukua nguvu, lakini nilinyamaza.

Jua limeshashuka nyuma ya ule mnara, na mama yako amepita mlangoni mara mbili kuangalia ninaandika nini kirefu hivi. Barua hii nitaiweka chini ya sweta. Utaikuta kwa shangazi yako ukifungua begi, nami nitakuwa mbali, kwa hiyo haya ya jioni hii yatakuwa yamekwisha kutokea. Ukifika mstari huu utayakumbuka.

Mama yako alitaka kutupa maandazi yaliyobaki ya Alhamisi, maana leo ni Jumamosi. Nimemkataza, nimeyatia kwenye mfuko. Ni magumu sana. Sasa nitavaa koti, nitapanda na Rockey Street mpaka saluni, na kwa kuwa jioni Furaha hufunga geti lake la chuma, itabidi nigonge. Nitagonga taratibu. Mtaa utakuwa umejaa, watu wametoka kazini, Wazulu, Wakongo, Wanaijeria, kila mtu. Wewe utakuwa ndani na rasta zako mpya. Uliza, mwanangu, kama ulivyokuwa ukiuliza. Safari hii nitajibu kwa sauti kubwa, barabarani, mpaka wale wa ng’ambo ya roboti wasikie.

Baba yako,
Papa wa ku Mulango